Mbu Halipi Kiingilio

Hoja iliyobishaniwa Mitaboni ni hii: watoto wa Gredi ya Sita wapelekwe Nairobi kuwaona wanyama katika kile kituo cha wanyama yatima kilicho langoni mwa Mbuga ya Nairobi, au safari ifutwe? Aliyetaka ifutwe hakulalamikia nauli. Mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano wa shule akasema kwamba mahali walipofungiwa simba, nyani na ndege wa kila namna bega kwa bega ni mahali mbu anapojipakulia damu ya kila kabila, na mtoto akiumwa na mbu huyo hakuna ajuaye atarudi nyumbani na nini. Mkutano ukaisha bila jibu. Ubishi ukahamia hotelini, hapo karibu na steji, na mimi nikaufuata.

Waliobishana ni wanne. Mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi kadhaa huko juu, upande wa vilima vya Iveti. Hoja ni yake; wengine walimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mwalimu wa sayansi. Safari ni yake. Daktari wa mifugo aliyestaafu, mzee aliyezunguka maboma mengi ya Ukambani na sasa anahangaika na kahawa. Na kijana wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni. Majina nimeyaacha. Mitaboni si mji mkubwa, wenyewe wanajuana.

MAMA: Mimi sikatai watoto wasome. Lakini nieleze, Mwalimu. Hapa kwetu mbu ana mtu na ng'ombe, basi. Kule kuna mnyama wa msituni, mnyama wa jangwani, na wengine walitoka mikoa ambayo hawakuwahi kukutana. Wamewekwa ukuta kwa ukuta. Halafu mwanangu anasimama mbele ya wavu na kaptura yake.

MWALIMU: Mwaitu, tunafika saa nne asubuhi, saa nane mchana tumeondoka. Mbu wa saa nne asubuhi yuko wapi?

MAMA: Kuna mbu wa mchana.

DAKTARI: Wapo. Wale wenye madoa meupe miguuni, jamii ya Aedes, kazi yao ni mchana. Culex ndio wa usiku, hawa wa mitaro na maji machafu. Mama hajasema uongo, na tusimfanye mjinga. Mahali pa kufugia wanyama pana hodhi za maji, pana madimbwi, pana kinyesi, pana taa zinazowaka usiku. Mbu anafugwa hapo bila mtu kukusudia. Watafiti huenda kwenye bustani za wanyama, wakamkamata mbu aliyeshiba, wakapima damu iliyo tumboni mwake na kujua ametoka kwa nani.

MAMA: Umesikia?

KIJANA: Kuwepo kwa mbu hakubishaniwi. Tuulize nani anampa nani. Mwaitu anaona ugonjwa ukitoka kizimbani kuja kwa mtu. Mara nyingi aliye kizimbani ndiye anayeletewa. Mwaka 2012, katika bustani ya wanyama ya London, pengwini sita wa aina ya Humboldt walikufa kwa malaria.

MAMA: Malaria? London?

KIJANA: Malaria ya ndege, mtu haimpati. Ndege wa porini wa Uingereza wengi wanaishi nayo bila kutetereka, wameizoea vizazi na vizazi. Pengwini wa Humboldt kwao ni pwani kame za Peru na Chile, mwili wake haukuwahi kufundishwa. Mbu wa palepale akaichukua kwa ndege wa palepale akampelekea mgeni. Pengwini hana pa kukimbilia. Yuko ndani, mbu anaingia na kutoka.

DAKTARI: Na malaria hiyo ya ndege tusiidharau. Ndiyo Ronald Ross aliyoitumia kule India mwaka 1898 kuonyesha jinsi kimelea kinavyopita ndani ya mbu mpaka kinafika kwa mwingine. Akapata tuzo ya Nobel mwaka 1902. Chandarua unacholalia kimetokana na ndege waliofungiwa.

MAMA: Pengwini namsikitikia, lakini simlilii. Mimi nauliza juu ya mtu. Mtu amewahi kufa au hajawahi?

Hapo mzee akaweka kikombe chini. Nilijua anaelekea kwenye hadithi anayoipenda, kwa sababu alianza na Uganda.

DAKTARI: Mwaka 1937, wilaya ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mwanamke mmoja alikuwa na homa. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano pale Entebbe ilichukua damu yake, na ndani wakakuta virusi ambavyo havikuwa na jina. Vikaitwa kwa jina la kwao mama huyo. Kwa miaka mingi watu wa Marekani hawakuwa na haja navyo. Sasa nenda New York mwaka 1999. Kiangazi hicho kunguru walianza kuanguka wakiwa wamekufa, barabarani na kwenye viwanja. Pale Bronx kuna bustani kubwa ya wanyama, na ndani yake daktari wa mifugo, Tracey McNamara, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua mizoga na kutafuta kilichoua. Akaletewa kunguru. Kisha ndege wake mwenyewe wakaanza: flamingo, mnandi, tai. Akifungua kichwa, anakuta ubongo umevimba na umevuja damu.

MAMA: Na watu?

DAKTARI: Wakati huohuo wazee wa mtaa wa Queens walikuwa wanalazwa hospitalini na uvimbe wa ubongo. Serikali ikatangaza mapema Septemba kwamba ni virusi vya Saint Louis, ugonjwa wanaoufahamu tangu zamani, unaoenezwa na Culex. McNamara akasema, ngojeni. Ugonjwa wa Saint Louis hauui ndege. Kuna mwingine wa farasi unaoua ndege, lakini huo ungewamaliza emu, na emu wangu wanatembea wazima. Basi ni kitu kingine, na huenda kinachoua ndege wangu ndicho kinachoua wagonjwa wenu.

MWALIMU: Hiyo ndiyo sayansi. Hakuwa na mashine mpya. Alitazama nani amekufa na nani hajafa.

DAKTARI: Na nani alimsikiliza? Waliokuwa wanatibu watu waliona huyu ni daktari wa ndege. Ilibidi apeleke sampuli hadi maabara ya jeshi. Mwishoni mwa mwezi ndipo ikajulikana: ni virusi vya West Nile, vya yule mama wa Uganda, na ilikuwa mara ya kwanza kuonekana bara la Amerika. Mwaka huo, New York na pembeni yake, waliougua sana ni 62, waliokufa ni 7. Bahati yao moja: dawa ya mbu walikuwa wameshaanza kupuliza kwa ajili ya ule ugonjwa waliokosea jina, na mbu ni yuleyule.

MAMA: Sasa si umenisaidia mimi? Bustani ya wanyama, watu saba wamekufa.

DAKTARI: La, mama. Ugonjwa haukuanzia kizimbani. Kunguru wa mitaani walikuwa wanakufa kabla ya flamingo, na mbu waliowauma flamingo waliingia kutoka nje. Tofauti ni kwamba kunguru wa mtaani alifagiliwa na taka, na flamingo alikuwa na mtu wa kuuliza kwa nini amekufa.

Mimi sikuwa upande wowote mpaka hapo, lakini sentensi hiyo ilinivuta. Mwalimu naye akaiona nafasi yake akairukia, pengine kwa haraka kupita kiasi.

MWALIMU: Na sisi hapa Afrika Mashariki tulilifahamu hilo zamani. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika, barabara ya Kampala kwenda Entebbe, wanasayansi walipandisha vizimba juu ya miti na ndani wakaweka tumbili wa rhesus, wale wa Asia, ili mbu wa msituni wawaume. Tumbili mmoja akapata homa. Damu yake ikatoa virusi vya Zika. Mwaka uliofuata wakavipata ndani ya mbu wenyewe. Dunia ilikuja kuvishtukia miaka karibu 70 baadaye, watoto wa Brazil walipozaliwa na vichwa vidogo. Mnyama wa kizimbani ni mlinzi wa usiku. Anaumwa kwanza, sisi tunajua.

MAMA: Mlinzi analipwa, Mwalimu. Tumbili alilipwa nini?

Watu wa meza ya pili walicheka. Kijana hakucheka; alikuwa anatafuta jambo kwenye simu yake, na alilolisema nadhani hata mwalimu hakulitarajia.

KIJANA: Haki itendeke. Iko kesi inayomfaa Mwaitu kabisa. Mwaka 1987, punda milia waliotoka Namibia walipelekwa kwenye bustani ya safari karibu na Madrid, Hispania. Walifika wakiwa wazima. Ndani ya damu walikuwa na virusi vya maradhi ya farasi wa Afrika. Punda milia vikimwingia hata hakohoi. Farasi akivipata, mapafu yanajaa maji, povu linamtoka puani, na wengi hawafiki wiki.

DAKTARI: Navyo vinabebwa na visubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu, wanaopita kwenye tundu la chandarua. Hispania wanao.

KIJANA: Basi visubi wa Hispania wakanywa damu ya punda milia wa Namibia. Farasi wakaanza kufa. Ugonjwa ukakaa mpaka 1990, ukaingia Ureno, ukavuka bahari hadi Moroko.

MAMA: Hapo sasa! Mgeni ameingia mzima, wenyeji wamezikwa.

MWALIMU: Lakini aliyesafiri ni punda milia, Mwaitu. Mtoto wa Gredi ya Sita hatakuja na punda milia ndani ya begi.

MAMA: Naye aliyemsafirisha alikuwa mtu mzima mwenye vyeti na mihuri. Ndiyo maana siwaamini watu wa mihuri.

Kwa maoni yangu mama alishinda raundi hiyo. Kesi ya Madrid inasema wazi kwamba hatari kubwa ya bustani za wanyama iko kwenye lori na ndege ya mizigo, siku mnyama anapohamishwa kutoka kwa wadudu anaowajua kwenda kwa asiowajua, au kutoka kwa wadudu wake na kuwaachia wengine alichobeba. Siku ya watoto kuja kutazama ni jambo dogo pembeni ya hilo. Kenya tunayo kesi yetu ya namna hii, na ilikwenda kinyumenyume. Daktari aliikumbuka.

DAKTARI: Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa kwenye bustani za wanyama za Marekani waliletwa Nanyuki, kwenye hifadhi iliyo chini ya Mlima Kenya. Bongo wa mlimani ni swala wetu, wazee wake walitoka misitu hiyohiyo. Wakaja nyumbani, na baadhi wakafa kwa Theileria, kimelea cha kupe, ndugu yake ndigana kali unayoijua wewe.

MAMA: Ndigana? Bongo?

DAKTARI: Ndiyo. Kupe ana miguu minane, wataalamu hawamhesabu kuwa mdudu, lakini damu anainywa vilevile. Bongo aliyezaliwa Marekani hakuwahi kuumwa na kupe wa Mlima Kenya. Ni kama kuleta ndama wa gredi hapa kwako bila dawa ya kuogesha.

MAMA: Hatamaliza mwezi.

Ndigana aliijua kuliko sisi sote. Akaeleza jinsi ndama wake mmoja alivyovimba tezi chini ya sikio, akapumua kwa shida, akafa kabla ya Jumapili. Mjadala ungeweza kuishia hapo kwa mazungumzo ya kupe na bei ya dawa, kama daktari hangemuuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeulizia mvua.

DAKTARI: Na mbuzi wako, mama? Kuna mwaka nilisikia walitupa mimba.

MAMA: Watatu. Baada ya mvua ile kubwa. Watatu ndani ya juma moja, na mwana-mbuzi wa nne alizaliwa akafa.

DAKTARI: Vile vitoto ulivifanyia nini?

MAMA: Nilivitoa kwa mikono. Kimoja kilikuwa kimekwama. Mbwa walikula viwili kabla sijazika.

DAKTARI: Kwa mikono mitupu?

MAMA: Ulitaka nitumie kijiko?

Daktari alisema maneno ambayo mtu yeyote anayefuga anapaswa kuyasikia. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka 1931, na watafiti wa maabara ya Kabete, baada ya wana-kondoo kufa kwa wingi kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayotuama maji, na mayai hayo hukaa yamekauka miaka hata miaka yakingoja mafuriko. Mengine yanakuwa na virusi tayari, vimerithiwa kutoka kwa mama yao. Mvua ikizidi, yote yanaanguliwa pamoja. Dalili ya kwanza ni kondoo na mbuzi kutupa mimba, na watoto wachanga wa mifugo kufa. Mtu anaambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini zaidi kwa kushika damu, maji ya uzazi na nyama ya mnyama mgonjwa. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 ugonjwa huo uliua mamia ya watu kaskazini-mashariki mwa Kenya na Somalia. Mwishoni mwa 2006 na mwanzoni mwa 2007 ulirudi, ukaanzia Garissa, na Kenya peke yake watu zaidi ya 150 wakafa.

DAKTARI: Sisemi mbuzi wako walikuwa nao. Mbuzi hutupa mimba kwa sababu nyingi. Nasema hakuna ajuaye, kwa sababu hakuna aliyepima.

MAMA: Nilipiga simu, Daktari. Usinitazame hivyo, nilipiga. Nikaambiwa gari halina mafuta. Nikapiga tena, nikaambiwa afisa yuko kwenye semina. Kumbe New York kuna mtu wa kumpasua kunguru. Mimi mbuzi wangu watatu hawakupata mtu.

Hakuna aliyekuwa na la kumjibu. Mwalimu alianza kusema jambo kuhusu ugatuzi, kwamba tangu 2013 huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, akaliacha katikati.

KIJANA: Basi hoja ya Mwaitu imejipindua yenyewe. Kama ni kumwogopa mbu, mahali pa kumwogopa ni hapa. Kule Lang'ata, kwenye kituo cha yatima, mnyama akifa, kuna daktari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori anayekuja na kisu na chupa za sampuli. Hapa kuna mbwa.

MAMA: Haijapinduka popote. Nimesema mbu analeta ugonjwa kutoka kwa mnyama. Si ndivyo mlivyothibitisha jioni nzima?

KIJANA: Ndivyo, lakini ukuta wa kizimba hauna hatia. Nyati wa Ol Donyo Sabuk hawajafungiwa na mtu, na wako kaunti hiihii. Kingamwili za homa ya Bonde la Ufa zimekutwa kwa nyati na vifaru wa Kenya wanaotembea huru. Tukifunga bustani zote za wanyama kesho, mbu hatapungua hata mmoja Mitaboni.

MWALIMU: Na kuna faida mnayoisahau. Kuro anaishi katikati ya mbung'o na mbung'o hamtaki. Watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, walichunguza harufu ya kuro, wakatengeneza dawa inayofungwa shingoni mwa ng'ombe, wakaijaribu Kwale, na mbung'o wakapungua kwa ng'ombe hao. Mtoto asiyewahi kumwona kuro atafikiriaje kuuliza swali kama hilo?

MAMA: Atamwona kwenye kitabu.

MWALIMU: Kitabu hakina harufu, Mwaitu.

Hilo lilimchekesha. Baada ya hapo sauti zilishuka na masharti yakaanza kuwekwa, jambo ambalo kwa Ukambani ni dalili kwamba mtu anakaribia kukubali. Suruali ndefu na soksi kwa wote. Mafuta ya kufukuza mbu yapakwe kabla ya kushuka kwenye basi. Hakuna kuingiza mkono kwenye wavu, hata kwa nyani mwenye kuomba karanga. Kisha mama akaongeza sharti lake mwenyewe, na nadhani lilikuwa bora kuliko yote: wakirudi, watoto wazunguke maboma yao wahesabu kila kitu kinachotuamisha maji, matairi, mitungi iliyovunjika, mifereji ya paa, waandike, na mwalimu asome orodha hiyo mbele ya wazazi.

MWALIMU: Na bwawa la mchanga?

MAMA: Bwawa la mchanga liache. Tulibeba mawe yake sisi, kikundi kizima cha mwethya, kichwani. Maji yako chini ya mchanga. Mbu atagie wapi?

DAKTARI: Sawasawa. Juu ni mchanga mkavu. Mtoto anachimba kwa mkono, maji yanapanda, anachota, anaondoka. Ukambani tuna maji ambayo mbu hayaoni, na hatujawahi kujisifu.

Mimi nina hukumu yangu. Safari iende. Kwenye swali la safari mama ameshindwa, kwa sababu saa nne za mchana mbele ya wavu, na soksi miguuni, ni hatari ndogo kuliko usiku mmoja bila chandarua. Lakini kwenye swali la mbuzi watatu hakushindwa, na aliyeshindwa hakuwepo hotelini. Kenya ina kitengo cha kitaifa kilichoundwa kuunganisha madaktari wa watu na wa mifugo dhidi ya maradhi yanayovuka kutoka kwa wanyama. Ina maabara ya Kabete iliyoitambua homa ya Bonde la Ufa kabla ya dunia nzima, na ina chanjo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa ya magonjwa yaliyotajwa humo. Mama alitimiza wajibu wake mara mbili, kwa mkopo wa simu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayefuga: mvua kubwa ikinyesha, kisha mbuzi au kondoo zaidi ya mmoja wakatupa mimba, usishike kwa mikono mitupu, usichinje, usiwape mbwa, usinywe maziwa bila kuchemsha. Mwite afisa wa mifugo wa wadi yako, na akikwambia hana gari, andika tarehe na saa uliyopiga. Nanyi waheshimiwa wa bunge la kaunti pale Machakos, mvua yetu ya kutegemewa huanza Oktoba. Mafuta ya gari la daktari wa mifugo yatengwe Septemba.